Hitilafu na Kiraka: Historia Fupi ya Vim na Funzo Lake kwa Walimu wa Kiswahili

Utangulizi

Katika toleo hili tumeona vyema tuwaletee wasomaji wetu historia ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka halihusiani na idara ya lugha: namna watumiaji wa programu moja ya kompyuta wanavyoripoti hitilafu zake na kupitia marekebisho yake. Programu hiyo inaitwa Vim. Ni kihariri matini, yaani programu ya kuandikia na kusahihishia maandishi, na watumiaji wake wengi ni waandishi wa programu. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, historia yake inapita hapa hapa Uganda. Pili, miongoni mwa nyongeza zake imo orodha ya maneno ya Kiswahili ya kukagulia tahajia, na orodha ya aina hiyo haiwezi kuwa bora kuliko watu wanaoisoma na kuisahihisha.

Hoja yetu ni kwamba kuripoti hitilafu na kupitia kiraka ni kazi ya kusoma na kuandika kabla ya kuwa kazi ya ufundi wa mitambo. Kwa hiyo mwalimu wa lugha ana nafasi yake humo, na asipoishika, wengine wataamua kwa niaba yake neno lipi ni Kiswahili na lipi si Kiswahili.

Istilahi mbili na asili yake

Waingereza na Wamarekani huiita hitilafu ya programu "mdudu". Wengi hudhani kwamba jina hilo lilizaliwa tarehe 9 Septemba 1947, siku ambayo mafundi wa mashine ya Mark II huko Harvard walimkuta nondo amenaswa ndani ya mashine, wakambandika kwenye daftari la kumbukumbu. Kisa hicho ni cha kweli, lakini jina ni la zamani zaidi. Thomas Edison alilitumia katika barua ya mwaka 1878 akizungumzia kasoro za uvumbuzi wake. Sisi tutatumia neno "hitilafu".

"Kiraka" nacho kina asili inayoshikika kwa mkono. Mashine za awali zilisoma maagizo kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Tundu likitobolewa pasipostahili, fundi alibandika kipande cha karatasi juu yake, sawasawa na mama anayetia kiraka kwenye suruali ya mwanawe. Utepe ulipotoweka, jina lilibaki. Mwaka 1974 maabara ya Bell nchini Marekani ilitoa programu iitwayo diff, inayolinganisha mafaili mawili na kuonyesha mistari iliyotofautiana. Mwaka 1985 Larry Wall alitoa programu iitwayo patch, inayochukua orodha ya tofauti hizo na kuzitia kwenye faili la mtu mwingine. Tangu hapo mtu aliye Nairobi angeweza kumtumia mwenzake wa Amsterdam mistari mitatu iliyobadilika badala ya kitabu kizima.

Kwa walimu, kiraka si kigeni. Mstari uliotiwa alama ya kutoa ndio uliofutwa. Uliotiwa alama ya kujumlisha ndio uliowekwa mahali pake. Mistari michache ya juu na ya chini huachwa ili msomaji ajue muktadha. Ni kalamu nyekundu ya msahihishaji, ila imepewa kanuni.

Kihariri kilichopita Kibaale

Vim ilitungwa na Bram Moolenaar, Mholanzi, aliyeanza kuishughulikia mwaka 1988 kwenye kompyuta aina ya Amiga. Alitaka kihariri kinachofanana na vi, kilichoandikwa na Bill Joy mwaka 1976. Toleo la kwanza la Vim kuwafikia watu lilitoka mwaka 1991. Jina lake kwanza lilimaanisha "mwigo wa vi". Baadaye, programu ilipompita mwalimu wake, maana ikabadilishwa kuwa "vi iliyoboreshwa".

Mwaka 1994 Moolenaar alifika Kibaale, mji mdogo wa Rakai kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, akajitolea katika kazi za maji na usafi kwenye kituo cha watoto. Rakai ilikuwa imeumizwa mno na UKIMWI, na watoto wengi walikuwa yatima. Aliporudi Uholanzi alianzisha mfuko wa kukisaidia kituo hicho. Vim ikaendelea kutolewa bure, lakini kila aliyeifungua bila faili alikutana na ujumbe uliomwomba awasaidie watoto maskini wa Uganda. Hivyo kwa miaka mingi jina la nchi yetu lilisomwa kwenye skrini za waandishi wa programu duniani kote.

Taarifa njema na taarifa mbaya

Mwongozo wa Vim una sehemu inayoeleza jinsi ya kuripoti hitilafu. Unamtaka mtumiaji aandike kwa ufupi, maana muda unaotumika kujibu barua unapunguza muda wa kurekebisha programu. Unamtaka pia atoe mfano ambao mtu mwingine anaweza kuurudia na kuona kosa lile lile. Kabla ya kuandika, mtumiaji huifungua Vim ikiwa tupu, bila mipangilio yake binafsi wala nyongeza alizojiwekea. Hitilafu ikitoweka, basi si ya Vim. Ni ya mpangilio au ya nyongeza, na taarifa inapaswa kumwendea mwenye nyongeza hiyo. Ndiyo sababu mafaili mengi ya nyongeza zinazosafiri pamoja na Vim huandikwa juu yake jina la mtu anayeyatunza.

Tuchukue mfano. Mtu akiandika, "Ukaguzi wenu wa Kiswahili ni mbovu," hajaripoti kitu, amelalamika. Mwenzake akiandika, "Nimefungua faili tupu. Nimewasha ukaguzi wa tahajia wa Kiswahili. Nimeandika neno hili. Nilitarajia likubaliwe, lakini limewekewa alama ya kosa," huyo ameripoti. Taarifa ya pili ina mambo matatu: hatua zilizofuatwa, matarajio na matokeo. Haina hasira wala sifa, na mtu asiyejua neno hata moja la Kiswahili anaweza kuifuata hadi alipo mwandishi wake.

Kiraka cha Vim nacho kina muundo wake. Kila kimoja hupewa namba, kisha hueleza kwa maneno machache tatizo ni nini na suluhisho ni lipi. Aghalabu jina la aliyeripoti hitilafu huandikwa papo hapo kwenye mabano. Jambo hili la mwisho tunalithamini sana. Aliyegundua kosa hutajwa hata kama hakuandika mstari wowote wa msimbo. Kati ya toleo la 8.2, lililotoka Desemba 2019, na toleo la 9.0, lililotoka Juni 2022, vilipitishwa viraka zaidi ya 5,000. Vingi vilikuwa vidogo. Lakini wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kiraka kilichokataliwa

Historia hii haikosi mgogoro. Kwa miaka mingi Moolenaar ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya kila kiraka. Faida yake ilikuwa dhahiri: programu ilisemeka kwa sauti moja. Hasara yake ilionekana mwaka 2014. Thiago de Arruda, mwandishi wa programu kutoka Brazili, alipeleka kiraka kikubwa cha kuiwezesha Vim kufanya kazi zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Hakikuingizwa. Akachukua msimbo wa Vim, ambao ni huria, akachanga fedha kutoka kwa wapenzi wa programu hiyo na kuanzisha Neovim.

Nani alikuwa na haki? Tunaona pande zote mbili zilikuwa na hoja. Mpitiaji anayekubali kila kitu hapitii; anagonga mhuri tu. Kiraka kikubwa kinachogusa mafaili mengi ni mzigo kwa yule atakayebaki akikitunza baada ya mwandishi wake kuondoka. Hata hivyo, mlango ulio na mlinzi mmoja huleta foleni. Septemba 2016 Vim 8.0 ilitoka ikiwa na uwezo wa kuendesha kazi kando kwa kando, na ushindani wa Neovim unatajwa na wengi kuwa sehemu ya msukumo huo. Neovim kwa upande wake imeendelea kuchukua viraka vya Vim kwa namba zake. Ndugu wamegawana nyumba, lakini wanaazimana chumvi.

Tarehe 3 Agosti 2023 Moolenaar alifariki dunia. Kazi ya kupokea viraka iliendelea mikononi mwa Christian Brabandt na wenzake, na toleo la 9.1, lililotoka Januari 2024, lilitolewa kwa kumbukumbu ya marehemu. Kilichoiokoa Vim ni maandishi. Kila hitilafu ilikuwa imeandikwa, kila kiraka kina maelezo, na orodha ya kasoro zinazojulikana ilisafiri pamoja na programu yenyewe. Mrithi hakuhitaji kubahatisha marehemu alikuwa na nia gani.

Ukaguzi wa tahajia na vitenzi vyetu

Ukaguzi wa tahajia uliingia Vim katika toleo la 7, Mei 2006. Orodha nyingi za maneno zilichukuliwa kutoka hazina ya OpenOffice, programu ambayo kwa Kiswahili ilitolewa Dar es Salaam mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Miongoni mwa lugha zilizoandaliwa mafaili ya Vim mna Kiswahili, Kinyarwanda na Kichewa.

Hapa ndipo lugha zetu zinapoiweka mashine kwenye mtihani. Kitenzi cha Kiingereza kina maumbo machache; yanaorodheshwa yakaisha. Chukua kitenzi "pika". Nafsi sita zikikutana na njeo au hali nne za -na-, -li-, -me- na -ta-, tayari tuna maumbo 24. Tukiongeza viambishi vya mtendwa, idadi inapita 100. Bado hatujagusa ukanushi, urejeshi, ngeli nyingine, wala minyambuliko ya "pikia", "pikwa", "pikisha" na "pikiana". Neno kama "aliyempikia" limebeba sentensi nzima mgongoni.

Kwa hiyo anayetunga kiraka ana njia mbili. Anaweza kuongeza neno moja lililokosekana, na atakuwa ameponya neno hilo tu. Au anaweza kuongeza kanuni, na atakuwa ameponya maelfu. Njia ya pili inavutia, lakini ndiyo inayohitaji mpitiaji mwenye lugha. Tuseme kiraka kinaruhusu kiambishi ha- kitangulie njeo na hali zote. Kitakubali "hatapika", na hilo ni sahihi. Kitakubali pia "hamepika" na "halipika", ambayo si Kiswahili, kwa kuwa ukanushi wa -me- hutumia -ja- na wa -li- hutumia -ku-: "hajapika", "hakupika". Fundi wa kompyuta asiyejua lugha ataona kiraka kimefanya kazi. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza wa mofolojia ataona kosa mara moja.

Ndiyo maana kiraka chema huja na majaribio: orodha ya maneno yanayopaswa kukubaliwa, na orodha ya pili, ambayo wengi huisahau, ya maneno yanayopaswa kukataliwa. Kupitia kiraka ni kuuliza kimeponya nini, kisha kuuliza kimejeruhi nini.

Historia ya Kiswahili inatuonya juu ya usahihishaji usio na wenye lugha. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930 ikisanifisha tahajia na kupitisha vitabu vya shule, na mwaka 1952 ilihamia Makerere. Mchango wake haufutiki. Lakini ilianza bila mjumbe Mwafrika hata mmoja. Leo hakuna sheria inayotuzuia kuketi kwenye meza ya wapitiaji. Mlango uko wazi, na ni sisi tusioingia. Matokeo yake tunayaona darasani. Mwanafunzi anaandika neno sahihi, kompyuta inalipigia mstari mwekundu, naye analibadilisha kuwa neno jingine kwa sababu ameiamini mashine kuliko mwalimu.

Hitimisho

Tumeona kwamba kihariri kilichoanzishwa na mtu mmoja kimedumu zaidi ya miaka 30 kwa sababu ya watu wengi walioandika makosa waliyoyaona na wachache waliosoma masahihisho kwa makini. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tunapendekeza kwa walimu wenzetu kwamba somo la mofolojia liwe na zoezi moja la aina hii kila muhula. Kila mwanafunzi akusanye maneno 10 sahihi yanayokataliwa na kikagua tahajia chochote anachotumia. Aandike taarifa yenye hatua, matarajio na matokeo. Aeleze kama kila neno linahitaji kuongezwa peke yake au linaashiria kanuni iliyokosekana. Kisha taarifa hiyo ipitiwe na mwenzake, ambaye kazi yake iwe kutafuta neno lisilo sahihi litakalopenya endapo kanuni hiyo itakubaliwa. Zilizopita mtihani huo zipelekwe kwa wanaotunza orodha husika, zikiwa na majina ya wanafunzi walioziandika.

Zoezi hili halihitaji maabara mpya wala fedha za mradi. Linahitaji sarufi ambayo tayari tunaifundisha, na uvumilivu wa kusoma kazi ya mwenzetu mstari kwa mstari.