Jezi Tano za Ruhumuriza Zina Uzito Gani?

Biryogo ndiko Kiswahili kilikopiga kambi Kigali, miongo mingi kabla hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Ni mtaa wa wachuuzi, mafundi na mashabiki wa mpira. Lakini Februari ikifika, Tour du Rwanda inapozunguka milima, meza za chai na chapati huziacha klabu za Rayon Sports na APR kwa wiki nzima zikashika habari za baiskeli. Mwaka mmoja nilikaa kati ya wawili waliobishana mpaka chai ikapoa. Mmoja alikuwa mzee mwenye baraghashia, mwingine kijana wa pikipiki, kofia yake ngumu kaipakata.

"Tano ni tano," mzee alisema. "Ruhumuriza ana tano. Nionyeshe mwingine."

"Tano dhidi ya nani, mzee wangu?" kijana akauliza.

Swali hilo nimetembea nalo tangu siku ile, kwa sababu ukilifuata mpaka mwisho unakutana na historia nzima ya mchezo huu nchini.

Hesabu ya mzee haina kasoro. Abraham Ruhumuriza alishinda Tour du Rwanda mwaka 2002, 2003, 2004 na 2005, mwaka 2006 ukachukuliwa na Mkenya Peter Kamau, kisha Ruhumuriza akarudi kuchukua wa 2007. Ni mara tano, yaani jezi tano za njano za mshindi, idadi ileile waliyofikia Anquetil, Merckx, Hinault na Indurain katika Tour de France. Hakuna Mnyarwanda mwingine aliyefika hata tatu. Anayemfuata katika kumbukumbu za karibuni ni Valens Ndayisenga mwenye mbili, 2014 na 2016.

Tatizo ni kwamba jina Tour du Rwanda limebeba mashindano matatu yasiyofanana. Yalianza mwaka 1988, na mshindi wa kwanza akawa Célestin Ndengeyingoma. Vita, kisha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, vikayakata. Yalifufuliwa mwaka 2001, na enzi ya Ruhumuriza ikawa humo: Wanyarwanda wakishindana wao kwa wao pamoja na majirani wachache. Mwaka 2009 yakaingia kwenye kalenda ya shirikisho la dunia, UCI, kwa daraja liitwalo 2.2, zikaja timu kutoka Ulaya, Amerika na Afrika yote. Mwaka 2019 yakapanda hadi daraja la 2.1, ambalo timu za ngazi ya juu kabisa duniani huruhusiwa kuja. Barabara ni zilezile, vilima ni vilevile, lakini aliyesimama pembeni yako kwenye mstari wa kuanzia si yuleyule.

Angalia kilichotokea mlango ulipofunguliwa. Mwaka 2009 alishinda Mmoroko, Adil Jelloul. Mwaka 2010 Mweritrea, Daniel Teklehaimanot. Mwaka 2011 Mmarekani Kiel Reijnen, kisha Waafrika Kusini wawili, Darren Lill na Dylan Girdlestone. Miaka mitano bila Mnyarwanda hata mmoja, nchini mwake mwenyewe. Hapo kijana wa pikipiki anapata hoja yake kubwa: kama Mnyarwanda bora alishinda karibu kila mwaka na ghafla hakuna anayeshinda, basi ushindi wa mwanzo ulipimwa kwa mizani nyepesi.

Naielewa hoja hiyo, na kwa sehemu naikubali. Lakini ina dhuluma ndani yake. Huwezi kumlaumu mtu kwa wapinzani ambao hakuletewa. Na huwezi kuzungumzia mizani bila kutaja chombo alichopanda. Mwaka 2005 mtengenezaji wa baiskeli wa California, Tom Ritchey, alifika Rwanda akaona watu wakishusha mizigo milimani kwa vigare vya mbao, ndugu wa chukudu wa Goma. Mwaka uliofuata yakaandaliwa mashindano yaliyopewa jina la vigare hivyo. Mwaka 2007 akaja Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, hapo 1981, na ndipo ikazaliwa Team Rwanda yenye kocha, vipimo vya mwili na baiskeli za kisasa. Jezi nne za kwanza za Ruhumuriza zilipatikana kabla ya Team Rwanda kuzaliwa.

Vijana wa kizazi kile wengi wao walitoka kwenye unyonzi, kazi ya kubeba abiria na mizigo kwa baiskeli nzito ya chuma. Gasore Hategeka, yatima wa Sashwara, alianza kwa kubeba viazi, akajiwekea fedha mpaka akanunua baiskeli ya kubebea watu, ndiyo ikamfikisha timu ya taifa. Mnyonzi hajui maabara. Anaijua gharama ya kilima kwa sababu analipwa kukipanda akiwa na mtu mzima nyuma. Ninapowasikia watu wakisema enzi ile ilikuwa rahisi, huwa nataka kuwauliza rahisi kwa nani.

Wamarekani wana ubishi wa aina hii kuhusu mchezaji anayeongoza mashambulizi katika mpira wao wa miguu, yule anayeupokea mpira kila mara na kuamua uende wapi. Tom Brady ana mataji saba, Dan Marino hana hata moja, na bado wapo wanaoapa kwamba mkono wa Marino haujapata mfano. Wanachobishania hasa ni kama taji ni mali ya mtu mmoja au ya wote waliomzunguka. Kwenye baiskeli swali hilo ni kali zaidi, kwa sababu mwendeshaji anayemfuata mwenzake kwa karibu hukingwa upepo na kutunza nguvu nyingi. Anayeonekana kwenye picha akiwa na jezi ya njano alibebwa siku saba au nane na wenzake waliokata upepo, waliomchotea maji garini, waliompa gurudumu lao alipopata pancha. Majina yao hayako kwenye orodha ya washindi. Tukihesabu jezi peke yake, tunahesabu pia timu, bahati na mkoba wa mfadhili, kisha tunamwandikia mtu mmoja.

Ndiyo maana sikubali kumweka Adrien Niyonshuti chini kwa sababu tu ana Tour du Rwanda moja, ya 2008. Ndugu zake sita waliuawa mwaka 1994, yeye akiwa mtoto. Mwaka 2009 alijiunga na timu ya MTN ya Afrika Kusini, akawaonyesha vijana wa hapa kwamba kupanda baiskeli kunaweza kuwa ajira ya kigeni yenye mkataba. Mwaka 2012 alibeba bendera ya Rwanda jijini London na kushiriki mbio za baiskeli za milimani za Olimpiki. Alimaliza wa 39. Nambari hiyo, ukiisoma bila kujua alikotoka, haina uzito wowote. Miaka minne baadaye akaibeba bendera tena Rio, na nyumbani kwao Rwamagana akaanzisha chuo cha kuwafundisha watoto mchezo huu. Wafaransa wana Raymond Poulidor, ambaye hakuivaa jezi ya njano ya Tour de France hata siku moja lakini walimpenda kuliko wengi waliomshinda. Sisi Niyonshuti tunamheshimu, ila tukianza kuhesabu tunamsahau.

Kisha ikaja miaka mitano ya neema. Kuanzia 2014 hadi 2018 kila mshindi alikuwa Mnyarwanda: Ndayisenga akiwa na miaka 20, Jean Bosco Nsengimana, Ndayisenga tena, Joseph Areruya, Samuel Mugisha. Kigali ilijaa mapikipiki yaliyopiga honi mpaka usiku. Ndayisenga ndiye aliyevunja ukuta, na kwa hilo peke yake anastahili nafasi kwenye kila orodha.

Lakini mkinilazimisha nichague, nitamchagua Areruya, na sababu yangu ni miezi mitatu tu.

Mwaka 2017 alikuwa Ulaya na kikosi cha vijana cha Dimension Data, akashinda hatua moja ya Giro ya Italia ya vijana walio chini ya miaka 23. Novemba akarudi nyumbani, akachukua Tour du Rwanda. Wa pili alikuwa Metkel Eyob wa Eritrea, wa tatu Mkenya Suleiman Kangangi, mtu aliyependwa katika Afrika Mashariki nzima, ambaye Agosti 2022 alifariki katika mashindano ya barabara za changarawe jimboni Vermont. Januari 2018 Areruya akaenda Gabon kwenye La Tropicale Amissa Bongo, mbio za daraja la juu kuliko Tour du Rwanda ya wakati ule, ambazo timu za Ufaransa zilizizoea kama shamba lao. Akashinda kwa jumla, Mnyarwanda wa kwanza kufanya hivyo. Siku chache baadaye akashinda Tour de l'Espoir nchini Cameroon. Nchi tatu, tangu katikati ya Novemba hadi mwanzo wa Februari, na mara mbili kati ya hizo bila mama yake pembeni ya barabara, bila lugha yake, bila vilima alivyovizoea.

Kwangu mimi ugenini ndiko kwenye mizani. Nyumbani kila kona unaijua, na umati unakusukuma. Ukiwa Gabon, kwenye joto la tambarare, upepo wa pembeni na vikosi vya Ulaya vilivyojipanga, hakuna wa kukusukuma. Nakiri kwamba baada ya hapo Areruya hakufika tulikotarajia. Alisajiliwa na timu ya Marseille, akashiriki hata Paris–Roubaix mwaka 2019, lakini msimu ule wa dhahabu haukurudi. Mzee wa Biryogo angesema moto wa mabua si moto wa kupikia. Mimi nasema kilele kirefu kimepandwa hata kama aliyekipanda hakukaa juu.

Tangu daraja lilipopanda mwaka 2019 hadi 2025, hakuna Mnyarwanda aliyeshinda kwa jumla. Waeritrea wamechukua mara nne, kupitia Merhawi Kudus, Natnael Tesfatsion mara mbili na Henok Mulubrhan. Nyingine zimekwenda kwa Mhispania, Mwingereza na Mfaransa. Mwaka 2023 alikuja Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, mwenye Tour de France nne, na hakushinda hata hatua moja. Kwa hiyo mwenye kudharau mbio hizi aje azipande kwanza. Na Moise Mugisha, aliyeshinda hatua ya mwisho hapa Kigali Februari 2022, hatua ya kwanza kwa Mnyarwanda tangu mabadiliko yale, je, tumpime vipi? Siku moja tu. Ila siku ile walikuwepo watu ambao enzi ya jezi tano hawakuwahi kukanyaga Kigali. Naiona nzito kuliko baadhi ya ushindi wa wiki nzima.

Na ipo mizani ambayo hatujaitengeneza kabisa. Jeanne d'Arc Girubuntu alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya barabarani, Richmond, Marekani, mwaka 2015. Katika ubishi wote niliousikia Biryogo jina lake halikutajwa, kwa kuwa swali huulizwa kwa jezi za Tour du Rwanda, na Tour du Rwanda ni mbio za wanaume. Swali lililoulizwa vibaya limemfuta mtu.

Septemba 2025 dunia ilikuja na mizani yake. Mashindano ya dunia yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5, zikapitia Mlima Kigali na kile kimwinuko cha mawe cha Kwa Mutwe, mita 400 ambazo wageni wameziita Ukuta wa Kigali. Tadej Pogačar alibaki peke yake zaidi ya kilomita 60 akashinda. Walioanza walikuwa zaidi ya 160, waliomaliza 30. Watoto wanaopanda Kwa Mutwe kila siku na madumu ya maji walisimama pembeni wakiwatazama mabingwa wa Ulaya wakiyumba kwenye mawe yaleyale.

Nilipowaacha wawili wale wa Biryogo, kijana alikuwa amekwisha kumtaja Areruya na Gabon, na nilidhani mzee ameishiwa. Akanyamaza kidogo, akageuza kikombe kwenye kisahani.

"Haya," akasema. "Ulisema wageni walipokuja mwaka 2009, mambo yakabadilika."

"Ndiyo, mzee."

"Ruhumuriza alikuwa na jezi zake tano nyumbani. Angeweza kukaa nazo. Baada ya wageni kuja, alipanda baiskeli au hakupanda?"

Kijana alifikiri. Alijua jibu. Ruhumuriza aliendelea kushiriki, mtu mzima kati ya vijana, dhidi ya wale wote ambao hawakuwepo alipokuwa akishinda.

"Alipanda," akasema, akamwita mhudumu alete chai nyingine mbili.