Mashine ya Kukata Nyasi na Kanuni ya Sekunde 3
Injini ndogo ya petroli, yaani mtambo unaochoma mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda ili kuisukuma pistoni, iliingia katika utunzaji wa bustani mwaka 1902, wakati kampuni ya Ransomes ya Ipswich, Uingereza, ilipoanza kuuza mashine ya kukata nyasi iliyoendeshwa kwa nguvu hiyo. Nchini Marekani mashine hizo zilienea hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, lakini kuenea huko kuliweka kisu kinachozunguka kwa kasi mikononi mwa watu wasio mafundi, na wengi walikatwa vidole walipoondoa nyasi zilizokwama huku injini ikiwaka. Kwa sababu hiyo serikali iliagiza kwamba mashine za kusukumwa zitakazotengenezwa baada ya tarehe 30 Juni 1982 ziwe na kidhibiti cha kushikwa muda wote wa kazi, ambacho kikiachiliwa husimamisha kisu ndani ya sekunde 3. Kanuni hiyo iliufanya usalama kuwa sehemu ya mtambo wenyewe, ingawa kujaza petroli injini ikiwa imepoa, na kutoiwasha ndani ya chumba ambamo kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, hujikusanya, kumebaki kuwa wajibu wa mwendeshaji.