Fromaji ya Masisi kati ya bia na divai

Katika kitabu kama hiki tumezoea kusoma juu ya ndoa, kilio, ngoma na majina ya mababu. Mara hii tuongee juu ya kitu ambacho wengi watasema hakina mahali hapa: kuweka mezani fromaji za namna tatu ao ine, kuzionja moja moja pamoja na bia ao divai, na kuulizana ipi inapatana na ipi. Wafaransa wanaita degustasio. Wengi wetu tunasema ni mambo ya Wazungu na ya watu wa hoteli. Lakini ukifuata historia yake utaona kwamba imepita katika milima yetu ya Masisi, na kwamba sehemu kubwa ya desturi yenyewe tulikuwa nayo mbele fromaji haijafika.

Tuanzie mbali kidogo, kwa watawa wa Trappe, juu wao njo watatufikisha Masisi. Watawa hawa wanafuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, yenye kuwaomba waishi kwa kazi ya mikono yao. Nyama wanakula kidogo sana, kwa hiyo maziwa yalikuwa na kazi kubwa mezani pao. Kanuni ile ile, katika sura ya 40, inaruhusu kila mtawa apate kipimo cha divai kwa siku. Katika inchi za joto zabibu zilikuwako. Ubelgiji, penye baridi, zabibu hazistawi vizuri, basi watawa wa kule wakapika bia. Hivi fromaji, bia na divai vilikutana kwenye meza moja kwa sababu ya njaa, kiu na sheria ya nyumba. Hakuna mtu aliyekaa kwanza kutafuta ladha za kupendeza. Hayo yalikuja nyuma.

Mwaka wa 1850 kikundi cha watawa kutoka Westvleteren walijenga monasteri ya Scourmont, karibu na mji mdogo wa Chimay, kusini mwa Ubelgiji. Ilikuwa ardhi maskini. Mwaka wa 1862 wakaanza kupika bia ya kuuza, na mwaka wa 1876 wakaanza kutengeneza fromaji. Bia ya Chimay inajulikana leo dunia nzima, na fromaji yao moja inasuguliwa ngozi kwa bia yao wenyewe wakati inapokomaa. Mtu akionja vile viwili pamoja, hahitaji maelezo mengi juu ya kupatana.

Sasa, mwaka wa 1954, monasteri hiyo hiyo ya Scourmont ilituma watawa kuanzisha nyumba nyingine. Waliifungua wapi? Mokoto, katika Masisi, karibu na yale maziwa ine yenye jina hilo. Wakati watu wanaposema kwamba degustasio ya fromaji na bia ni jambo la kigeni kabisa kwetu, mimi nawakumbusha hiyo. Mama ya Mokoto ni nyumba ya Chimay.

Tusidanganye: watawa hawakuikuta Masisi tupu, na hawakuwa Wazungu wa kwanza kuleta ngombe wa maziwa. Tangu mwaka wa 1928 Comité National du Kivu ilikuwa inagawa ardhi kubwa kwa wakoloni. Tangu mwaka wa 1937 mpaka 1955 serikali ya Wabelgiji ilileta familia nyingi kutoka Rwanda kwa kazi ya mashamba, katika mpango ulioitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda. Pareto, chai, kahawa na malisho vilichukua nafasi ya misitu na ya mashamba ya wenyeji. Ukisimama leo kwenye kilima cha Masisi, zaidi ya metre 2000 juu ya bahari, ukaona majani mabichi na ngombe weupe na weusi, unaweza kufikiri uko Uswisi. Watu wanapenda kusema hivyo. Lakini mandhari ile ilitengenezwa na watu, na si wote walioulizwa.

Fromaji yenyewe, kama inavyosimuliwa zaidi Masisi, ilienea katika miaka ya 1970 kwa mikono ya mapadri Wabelgiji waliowafundisha wafugaji. Sababu ilikuwa barabara. Maziwa ya asubuhi hayawezi kungoja lori lililokwama katika matope ya kwenda Sake. Unahitaji litre 10 hivi za maziwa ili kupata kilo moja ya fromaji, na ile kilo itangoja wiki, itangoja mwezi, na bei yake inapanda.

Mbele ya hapo wafugaji wa Kivu walijua kutunza maziwa kwa njia zao. Walikunywa mashanza, maziwa yaliyoganda, na walitikisa kibuyu mpaka siagi itoke. Kibuyu kilioshwa kwa uangalifu, na mtu hakukiacha ovyo. Lakini maziwa ya kukamuliwa maji, kutiwa chumvi na kuwekwa miezi, hayo hayakuwako. Wazee wengine mpaka leo wanakataa fromaji: wanasema inanuka, na kwamba maziwa yaliyonuka ni maziwa yaliyoharibika. Mimi siwacheki. Pua ya mtu inafundishwa nyumbani.

Kazi inafanyika katika vibanda vya mbao kati ya malisho. Maziwa mabichi yanatiwa moto kidogo, yasichemke. Yanatiwa presire, ile dawa ya kugandisha ambayo asili yake ni tumbo la ndama. Yakiganda, yanakatwa vipande vidogo, maji yanatoka, na vipande vinafungwa katika kitambaa na kukandamizwa ndani ya kibebeo cha duara. Kisha chumvi, kisha mbao, kisha kungoja na kugeuza. Ndugu zake ni gouda ya Waholanzi zaidi kuliko fromaji laini za Ufaransa. Ikiwa changa ni tamu, inanyumbuka kama mpira. Ikikaa miezi mingi inakuwa kavu, ya rangi ya ndizi mbivu, na inauma ulimi.

Halafu inashuka Goma kwa moto ao kwa gari, na hapo inapoteza jina. Kinshasa wanaiita «fromage de Goma». Goma haina malisho. Ni soko na uwanja wa ndege. Mtu wa Kinshasa anaikata, anaisifu, na hajui kama imetoka Mushaki, Kilolirwe ao Kitchanga, wala kama ni ya wiki tatu ao ya miezi sita. Zote zinapangwa pamoja, zinauzwa kwa kilo.

Hapa njo ninaona faida ya degustasio, na si kwa kujionyesha. Kuonja kwa kulinganisha kunalazimisha vitu viwe na majina. Mwenye kualika wageni anachagua neno moja la kuongoza meza: maziwa ya namna moja kutoka vilima vitatu, ao kilima kimoja katika umri tatu. Fromaji tatu ao ine zinatosha, kipande kidogo kwa kila mtu, zikitolewa penye baridi saa moja mbele ya wageni kufika, juu fromaji ya baridi haina sauti. Wanaanza na ile changa, wanamaliza na ile kali, juu ukianza na kali ulimi hausikii tena kitu. Mkate mweupe na maji vinakaa katikati.

Kuna wenye kudai kwamba fromaji inataka divai nyekundu tu. Hiyo ni mazoea ya mahoteli. Divai nyekundu yenye ukali inakausha mdomo, na mara nyingi inagombana na chumvi ya fromaji. Divai nyeupe yenye uchachu kidogo inakata mafuta vizuri zaidi, na divai tamu inasimama pamoja na fromaji ya zamani yenye chumvi nyingi. (Mapadri wetu wanaijua divai tamu, lakini tusiende kuisumbua sakristia kwa ajili ya karamu.) Bia iko na kitu ambacho divai ya kawaida haina: povu. Hewa ile inasafisha ulimi baada ya mafuta, na uchungu wake unatulizwa na chumvi. Wabelgiji wanajua hiyo katika mikahawa yao, wanapoleta pamoja na bia sahani ndogo ya fromaji iliyokatwa vipande vya mraba, na haradali pembeni.

Kwetu, Primus baridi inaenda na fromaji changa, zote mbili hazisemi kwa nguvu. Ile ya miezi mingi inataka bia nyeusi kama Tembo ya Lubumbashi, yenye utamu wa nafaka zilizokaangwa. Kwa maoni yangu lakini, kinywaji kinachoifaa zaidi ile ya zamani kimepikwa karibu nayo: kasiksi.

Kila mtu wa Kivu anajua kasiksi. Ndizi zinaivishwa siku kadhaa, zinakamuliwa pamoja na majani, maji yake yanachujwa, yanatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yanaachwa siku mbili tatu. Inatoka na utamu, uchachu na harufu ya moshi ya mtama. Utamu unashika chumvi ya fromaji, uchachu unakata mafuta. Nimeiweka mbele ya watu waliosoma Ulaya, pamoja na divai ya bei, na chupa ya divai ilibaki nusu.

Na kasiksi inatufikisha kwenye ile sehemu ya desturi niliyosema tulikuwa nayo zamani. Kwetu kuonja si mchezo wa ladha. Mwenye nyumba anakunywa wa kwanza, wageni wanamtazama, kisha chungu kinapita. Hata leo, Bukavu ao Goma, chupa ya bia inafunguliwa mbele ya macho ya mgeni, na mgeni asiyeona ikifunguliwa anaweza kuiacha pale pale bila kusema neno. Watu wanaogopa karuho, sumu. Basi kuonja kwetu ni kiapo: ninachokupa, ninakunywa pia. Mzungu anaonja ili kulinganisha. Sisi tunaonja ili kuaminiana. Ukiziunganisha hizo mbili kwenye meza moja, mwenye nyumba anakata fromaji mwenyewe, anakula kipande cha kwanza, kisha anasema imetoka kilima gani, mwezi gani, mkono wa nani.

Lakini kutaja kilima katika Masisi si jambo jepesi. Mwaka wa 1973 Mobutu alitangaza zairianizasio, na mashamba mengi ya wakoloni yakaingia mikononi mwa watu wachache wenye nguvu. Wakulima waliokuwa wanalima pembeni wakabaki pembeni zaidi. Mwaka wa 1993 vita vya wenyeji kwa wenyeji vilianza Walikale na vikaingia Masisi. Mwaka wa 1994 wakimbizi wengi na wenye silaha walivuka kutoka Rwanda. Ngombe walichinjwa na kuibwa kwa makundi, malisho yakabaki bila mnyama. Mwezi wa tano 1996 monasteri ya Mokoto yenyewe, ambako watu walikuwa wamekimbilia, ilishambuliwa. Wengi waliuawa na watawa wakakimbia. Wengine wao waliendelea na maisha yao Keshero, Goma, mpaka ilipowezekana kurudi. Vibanda vya fromaji vilifungwa, kisha vikafunguliwa tena polepole vita vilipopunguka, ngombe wapya walipoletwa.

Kwa hiyo ukiuliza fromaji hii imetoka kilima gani, mtu anaweza kujibu jina, na mwingine mezani akanyamaza kwa sababu kilima kile kilikuwa cha baba yake. Nimeona unyamavu wa namna hiyo. Kuna wanaosema basi tusiulize, tule tu, «fromage de Goma» inatosha. Mimi naona kinyume. Jina la Goma linafunika mwenye ngombe, mchungaji, aliyefukuzwa na aliyerudi, wote pamoja; na bei nzuri inabaki kwa yule anayeuza mbali. Karatasi ndogo yenye jina la kilima, tarehe na jina la mtengenezaji haitarudishia mtu shamba lake. Inaandika tu kwamba mahali pale pako na watu.

Januari 2025 vita vilifika Masisi kati na Goma, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Njia ya Kinshasa ilikatika. Wenye vibanda wanajua hesabu yake tangu vita vya kwanza: maziwa yasiyouzwa leo yanamwagwa ao yanapewa nguruwe, na fromaji isiyopanda ndege inabaki juu ya mbao, inageuzwa kila siku mbili, inakauka. Ikivumilia bila kuoza, itakuwa ile kali, ya kuonjwa mwisho, pamoja na kasiksi.