Siku Sita za Barabara

Mwaka 1555, Malkia Mary akiwa kwenye kiti cha enzi, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyohusu matope. Njia za kwenda sokoni zilikuwa zimeharibika, mikokoteni ilikwama, na hapakuwa na idara yoyote ya serikali ya kuzitengeneza. Sheria ikaikabidhi kazi hiyo parokia, yaani watu waliosali kanisa moja na kuzikwa uwanja mmoja. Kila mwaka, katika juma la Pasaka, wanaparokia waliitwa wachague watu wawili waaminifu wawe wasimamizi wa barabara. Wasimamizi hawakulipwa, na aliyekataa kazi baada ya kuchaguliwa alitozwa faini. Wao ndio waliotangaza siku nne, kabla ya tarehe 24 Juni, ambazo kila kaya ingefanya kazi barabarani kwa saa nane. Mwaka 1563 siku hizo ziliongezwa zikawa sita.

Mzigo uligawanywa kwa kuangalia mtu ana nini. Mwenye shamba la kutosha plau moja alileta mkokoteni wenye ng'ombe au farasi, pamoja na wanaume wawili. Asiye na shamba wala mnyama alileta mikono yake, au alimtuma mtu badala yake. Mwenye mkokoteni asipofika alitozwa shilingi 10 kwa siku, na kibarua peni 12.

Kwenye karatasi mgawanyo huu ulionekana wa haki. Barabarani ulikuwa na kasoro mbili ambazo kila mwenye kuchangia barabara hadi leo atazitambua. Kwanza, siku ya tajiri na siku ya maskini hazina uzito mmoja. Mwenye shamba alituma watumishi wake naye akabaki na shughuli zake. Kibarua aliyetoa siku sita alitoa siku sita za chakula cha nyumbani kwake. Pili, waliotengeneza barabara hawakuwa peke yao walioiharibu. Parokia iliyokaa kando ya njia kuu ya kwenda London ilijaza mashimo yaliyochimbwa na magari ya wafanyabiashara ambao hata jina la kijiji hawakulijua. Ndiyo maana mwaka 1663 Bunge liliruhusu wilaya za Hertford, Cambridge na Huntingdon ziweke vizuizi kwenye sehemu ya njia ya kwenda kaskazini, na mpita njia alipe ushuru. Hata hivyo barabara nyingi ndogo zilibaki mikononi mwa parokia na siku zake sita.

Siku hizo zilidumu hadi mwaka 1835. Sheria mpya ya barabara ilifuta kazi ya lazima na mahali pake ikaweka kodi ya fedha. Lakini ilifanya pia jambo jingine. Zamani, mtu akikata njia kwenye ardhi yake na kuiacha wazi kwa umma, parokia ililazimika kuitunza. Kuanzia sasa, njia mpya haikupokewa mpaka itengenezwe kwa kiwango, mahakimu wathibitishe, na iwe imetumika kwa miezi 12. Ambayo haikutimiza masharti ilibaki bila mwenyewe wa kuitunza.

Ilikuwa enzi ya viwanda na miji ilikuwa inafurika watu. Wajenzi walikata viwanja, wakasimamisha nyumba, wakauza na kuondoka. Nyuma yao waliacha mitaa isiyo na lami, mitaro wala taa, na wakazi waliogundua baada ya kuhamia kwamba njia ya mlangoni kwao haikuwa ya serikali. Sheria ya mwaka 1892 iliwapa wakuu wa miji uwezo wa kuitengeneza mitaa hiyo na kuwapelekea wenye viwanja bili. Kipimo kilikuwa futi za kiwanja zinazoelekea barabarani. Mwenye nyumba ya kona, yenye pande mbili barabarani, aliweza kuhesabiwa pande zote mbili, ingawa mlango wake ni mmoja. Sheria iliruhusu pia wakuu wa mji waangalie nani ananufaika zaidi, lakini futi ni rahisi kupima na manufaa ni vigumu, kwa hiyo futi ndizo zilizokuwa msingi wa hesabu. Mitaa ya namna hiyo haijaisha. Hesabu iliyofanywa na serikali mwaka 1972 ilikuta takriban mitaa 40,000 katika Uingereza na Wales ambayo hakuna mamlaka iliyoipokea.

Wakati wenye viwanja wa Uingereza wanaletewa bili, dola yao ilikuwa inaingia Afrika Mashariki, na huku kazi ya barabara ilidaiwa kwa mwili. Buganda ilikuwa na barabara zake kabla ya Waingereza, zilizotoka mji mkuu kwenda majimboni, na machifu walijibu kwa Kabaka kwa hali yake. Mkataba wa mwaka 1900, uliotiwa saini na Harry Johnston pamoja na walezi wa Kabaka Daudi Chwa aliyekuwa bado mtoto, uliandika wajibu huo upya: kila nyumba tatu zitoe mtu mmoja wa kutengeneza barabara, asizidishiwe mwezi mmoja kwa mwaka. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1912 kuhusu mamlaka ya machifu iliruhusu wanaume wenye nguvu waitwe kwenye kazi za jamii, barabara zikiwemo, bila malipo, hadi siku sita kila robo mwaka.

Sita tena, ila mara nne: siku 24 kwa mwaka. Tofauti kubwa zaidi haikuwa kwenye hesabu. Mwanaparokia wa mwaka 1555 alishiriki kumchagua msimamizi wake, na barabara aliyoijaza mawe ilimpeleka yeye mwenyewe sokoni. Mwanakijiji wa Kenya aliitwa na chifu aliyewekwa na serikali, na mara nyingi barabara ilikuwa ya gari la afisa au ya mazao ya mlowezi. Sheria ilisema wanaume, lakini wanaume walipokuwa mashambani kwa walowezi au mjini wakitafuta fedha ya kodi, waliookota majembe walikuwa wake zao na binti zao. Kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi lilikuwa mojawapo ya malalamiko aliyoyabeba Harry Thuku. Alikamatwa Machi 1922, na umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele, ulimiminiwa risasi.

Kwa hiyo Jomo Kenyatta alipoita harambee mwaka 1963, aliwaita watu ambao wengi wao walikuwa wamewahi kuitwa kwa fimbo. Kazi ilifanana, jembe lilikuwa lile lile, na ilibidi watu waamini kwamba safari hii ni yao. Upande wa Tanzania neno msaragambo limebeba hali zote mbili: mtu huenda kwa moyo wake, na asipokwenda anaweza kutozwa faini.

Leo Kenya imezikabidhi kaunti barabara zake kwa Katiba ya mwaka 2010, na Tanzania ilianzisha TARURA mwaka 2017 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Bado zipo njia ambazo hazimo kwenye daftari la mtu. Shamba linanunuliwa pembezoni mwa mji, linakatwa viwanja vya futi 50 kwa 100, inaachwa njia ya kupita gari moja na nusu, muuzaji anaondoka. Ni mitaa ya mwaka 1835 iliyozaliwa upya kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua za masika zikinyesha, wakazi wanaitana, wanachangishana kwa simu, wanaagiza malori ya changarawe na kukodi greda kwa saa chache.

Hapo ndipo hesabu za zamani zinarudi. Tukitoza kila kiwanja sawasawa, tumerudi parokiani, na mjane mwenye chumba kimoja analipa sawa na mwenye ghorofa ya wapangaji. Tukipima ukuta, tunamwonea mtu wa kona. Uswidi, nchi ambayo barabara zake za binafsi ni ndefu kuliko za serikali na za miji zikijumlishwa, hutumia kipimo cha tatu: uzito wa magari ya kila nyumba mara umbali inaoutumia. Aliye mwisho wa njia analipa zaidi, mwenye nyumba ya likizo analipa kidogo. Kipimo hicho kingemgusa pia anayejenga, ambaye malori yake ya mchanga huvunja kwa wiki mbili kile kilichojengwa kwa mwaka. Lakini kinamwacha nje mpangaji, anayechanga leo na kesho kupandishiwa kodi kwa sababu njia imekuwa nzuri.

Na baada ya changarawe huja geti. Waliochanga huona ni haki yao kuamua nani apite, na mtu wa mtaa wa nyuma aliyekuwa akikatiza hapo kwenda kituoni anakuta mlinzi. Hapa Waingereza wa mwaka 1835 wana somo lisilopendeza kwa waliochanga: sheria yao ilitenganisha wajibu wa kutunza na haki ya kupita. Mtaa uliweza kuwa mzigo wa wenye nyumba na bado ukawa njia ya kila mtu. Mlipaji hakupata kufuli pamoja na risiti.

Mikutano yetu ya barabara huanza na swali la kiasi gani. Historia ya siku sita inaonyesha kwamba idadi ile ile iliweza kuwa wajibu wa jirani mahali pamoja na fimbo mahali pengine. Kilichotofautisha ni nani alimchagua msimamizi na njia ilielekea kwa nani. Maswali hayo yanafaa kujibiwa mkutanoni kabla lori la kwanza halijamwaga kifusi, na wapangaji wawepo wakati yanajibiwa, pamoja na yule anayepita kwa miguu.