Jani la Jikoni, Jani la Dukani: Chai na Sigara Rungwe

Anayeshuka kutoka Uyole kwenda Kyela huanza kukutana na chai kabla hajafika Tukuyu. Maeneo ya Katumba mashamba yanaibana barabara, na majani mabichi husubiri gari la kiwanda. Hayawezi kungoja sana: yakishachumwa, majani mawili na ncha changa, yanatakiwa yanyaushwe, yasagwe, yaachwe yachachuke hadi yageuke rangi, kisha yakaushwe. Kwa hiyo mkulima ambaye michai yake iko nyuma ya nyumba huenda dukani kununua pakiti ya majani ya chai, sawasawa na mkazi wa Kariakoo.

Zao hili lililetwa na Wajerumani. Walilipanda Amani, Usambara, mwaka 1902, na Kyimbila, Rungwe, mwaka 1904. Tukuyu wakati huo ikiitwa Neu-Langenburg, na wamisionari wa Moravian walikuwa wamekwisha kupiga kambi chini ya mlima Rungwe tangu 1891. Udongo wa volkano na mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka viliufaa mchai. Hata hivyo, kwa miongo mingi chai ilikuwa mali ya mashamba ya walowezi, na mwenyeji aliijua kwa kibarua. Wakulima wadogo waliingia kwa nguvu baada ya Uhuru.

Tumbaku ina umri mkubwa zaidi. Kiko na ugoro vilijulikana bara kabla ya pakiti yoyote ya sigara kufika. Sigara yenyewe ilikuja na mshahara. Vijana wa Kinyakyusa walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, kisha migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, na waliorudi walirudi na fedha mfukoni na mazoea mapya.

Chai na sigara vilikuta kiti tayari. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930, waliandika juu ya ukwangala: raha ya kukaa na wenzako wa rika, kula, kunywa na kuzungumza. Kinywaji cha kikao hicho kilikuwa pombe. Kwa Mkristo aliyeikwepa pombe, birika la chai lilitosha kukusanya watu. Na sigara moja, ikipita mkono kwa mkono, kila mtu akipiga pafu lake, iligawanyika kirahisi kuliko hata chai.

Jikoni, mpishi wa Rungwe ana bahati ya ng'ombe wa maziwa. Maziwa na maji huchemka pamoja kwenye sufuria, majani yakafuata, tangawizi ikapondwa, povu likapanda hadi ukingoni, sufuria ikaepuliwa, ikarudishwa. Chujio, kisha chupa. Pembeni kuna ndizi za kuchemsha au viazi. Siku maziwa yakikosekana hunywewa chai ya rangi, na mchaichai ukitiwa hakuna anayelalamika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, maduka ya nchi nzima yalikauka. Sukari ikawa ya foleni, na sigara nazo zikawa adimu. Hapo kipisi kilipata thamani: mvutaji alizima nusu, akaichomeka nyuma ya sikio, akaiwasha tena jioni kwa kijinga cha moto kutoka mafigani. Katika wilaya iliyozungukwa na michai, kikombe bila sukari kilikuwa kichekesho kichungu.

Baadaye njia za majani hayo mawili ziliachana. Kampuni ya Sigara Tanzania ilibinafsishwa mwaka 1995, na sheria ya mwaka 2003 ikaanza kuwaondoa wavutaji katika maeneo ya umma. Viwanda vya chai vya Katumba na Mwakaleli navyo vikaingia katika kampuni ambayo wakulima wana hisa.

Katika vibanda vya Tukuyu, asubuhi ya ukungu, mvutaji siku hizi husimama nje chini ya mchirizi wa bati. Akimaliza hukitupa kipisi kwenye tope, huingia ndani, na kikombe chake kinakuwa kimekwisha kumiminwa.