Walioitangulia Skii: Tarikh ya Sleji na Barafu Katika Milima ya Uswisi

Katika vijitabu ambavyo miji ya milimani ya Ulaya huvitoa ili kuwaalika wageni wa majira ya baridi, aghalabu kurasa za mbele hupewa skii na mitelemko yake, na mambo mengine yote, yaani sleji za watoto, viwanja vya barafu, magari ya kukokotwa na farasi na matembezi katika njia za theluji iliyoshindiliwa, hutajwa kwa ufupi nyuma kabisa karibu na nauli na anwani, kana kwamba ni masazo waliyobakishiwa mama mwenye mtoto mchanga, mzee mwenye goti bovu, na kijana ambaye bado hajaweza kusimama juu ya mbao mbili. Mpango huo wa kurasa una faida yake kwa auzaye tiketi za kupandia mlimani, lakini kwa apendaye tarikh ni mpango uliopinduliwa miguu juu. Maana hayo yanayowekwa nyuma ndiyo yaliyotangulia, na skii ni mgeni aliyebisha hodi jioni, akakaribishwa barazani, na asubuhi akakutwa amekalia kiti cha mwenye nyumba.

Sleji, gari lisilo na magurudumu lenye nyayo mbili za kutelezea, ilikuwa chombo cha kazi katika jimbo la Graubünden, mashariki ya Uswisi, karne nyingi kabla haijawa chombo cha mchezo. Mkulima aliyekata majani ya mifugo wakati wa kiangazi katika malisho ya juu hakujichosha kuyateremsha kwa mgongo, bali aliyahifadhi ghalani huko huko, akangoja theluji ifunike mawe na mashimo, ndipo akayashusha kwa sleji, yeye mwenyewe akiwa mbele akiongoza kwa miguu na kuomba salama. Na kwa njia hiyo hiyo zilishuka kuni na magogo. Furaha nayo haikukosa nafasi. Katika bonde la Engadin ilikuwako, na ingaliko, ada iitwayo Schlitteda, ambayo mwezi wa Januari huwatoa vijana wasiooa na wasichana wasioolewa, wawili wawili, wakiwa wamevaa nguo nyekundu za kienyeji, wakasafiri kijiji hata kijiji katika sleji zilizonakshiwa na kukokotwa na farasi wenye njuga. Mtu wa pwani aliyepata kuona arusi ikipitishwa mitaani kwa ngoma na tarumbeta hatahitaji kuelezwa madhumuni ya safari hiyo.

Wageni wa nchi za mbali walikuwa wakija huko wakati wa jua tu, wakanywa maji ya chemchemi za St. Moritz yaliyosifiwa kwa tiba, wakapanda milima, na baridi ilipoanza kuuma wakafunga mizigo yao, na hoteli zikafunga milango. Kisa ambacho wenyeji hawachoki kukisimulia ni kwamba mwaka 1864, msimu ulipokuwa ukiisha, Johannes Badrutt, mwenye hoteli ya Kulm, aliwaambia Waingereza wachache waliokuwa wakijiandaa kuondoka kuwa jua la mji wake wakati wa baridi ni zuri kuliko ukungu wa London, na kwamba wakirudi Desemba wakamkuta mwongo, atawalipa gharama za safari, na wakimkuta mkweli, watakaa kwake kama wageni wake muda wowote waupendao. Walirudi, yasemwa, wakakaa hadi Pasaka. Kwamba kila neno la kisa hicho lilitamkwa hivyo, au limenyooshwa na ndimi za vizazi vilivyofuata, si jambo la kutuzuia njiani, maadamu matokeo yake ni dhahiri: hoteli iliyokuwa ikilala miezi sita ilianza kukesha mwaka mzima.

Upande wa pili wa milima, katika mji wa Davos, mlango wa majira ya baridi ulifunguliwa na ugonjwa. Tabibu Alexander Spengler, Mjerumani aliyekimbilia Uswisi baada ya kushindwa kwa mapinduzi ya mwaka 1849, aliona kuwa kifua kikuu kilikuwa nadra mno miongoni mwa wenyeji wa bonde lile lililo mita 1,560 juu ya bahari, akashikilia kuwa hewa kavu ya baridi ni dawa. Na mwezi wa Februari 1865 wagonjwa wawili kutoka Ujerumani, Friedrich Unger na Hugo Richter, waliwasili katikati ya theluji, jambo ambalo watu wa wakati ule waliliona karibu na wazimu. Walipata nafuu, na habari ikaenea.

Hapa ndipo ninapoona asili ya kweli ya mapumziko ya aila katika theluji, ingawa wasimulizi wengi hupapita mbio ili wawahi kufika kwa wanamichezo. Mgonjwa wa kifua hakwenda Davos peke yake. Alikwenda na mke, na watoto, na dada wa kumwuguza, na watu hao wazima wa afya walijikuta wamefungiwa na theluji kwa miezi mitano au sita, mgonjwa wao amelala roshani akiota jua ndani ya mablanketi, na wao hawana kazi. Palihitajiwa jambo la kuwatoa nje, lisilohitaji mafunzo, lenye kuwafaa mwanamke mwenye sketi ndefu na mtoto wa miaka saba sawasawa; na jambo hilo lilikuwa limesimamishwa ukutani nyuma ya kila nyumba ya mkulima.

Robert Louis Stevenson, mwandishi wa Uskoti aliyekuwa na kifua kibovu, alikaa Davos vipindi viwili vya baridi kuanzia mwaka 1880, pamoja na mkewe Fanny na mtoto wa kambo Lloyd. Huko ndiko alikomalizia riwaya yake ya kisiwa chenye hazina, na saa za kupumzika alicheza vita vya askari wa bati na yule kijana sakafuni. Aliandika pia makala kwa gazeti moja la London kuhusu starehe za milimani, na katika mojawapo aliisifu sleji, hasa inapoteremshwa usiku, peke yako, chini ya nyota. Sifa ambayo tabibu wake bila shaka aliisoma kwa uchungu. Mwenzake aliyekuwa huko tangu mwaka 1877, mwanachuoni John Addington Symonds, mgonjwa vile vile na baba wa mabinti wanne, alipiga hatua zaidi: alianzisha chama cha wapenda sleji, na mwaka 1883 yakafanywa mashindano katika barabara ya kutoka juu ya Davos kushuka Klosters, urefu wa kilomita zipatazo nne, washindani wakiwa 21 kutoka mataifa mbalimbali. Waliofika wa kwanza walikuwa wawili waliolingana muda: Georg Robertson, mwanafunzi kutoka Australia, na Peter Minsch, mchukuzi wa barua wa Klosters, ambaye barabara ile ilikuwa njia yake ya kila siku. Kwa rai yangu, yule mchukuzi wa barua ndiye aliyestahili kuulizwa siri ya mchezo, lakini magazeti ya siku zile yalikuwa na macho kwa wageni.

St. Moritz haikuridhika kuona jirani yake ikitajwa peke yake. Katika kipupwe cha 1884 na 1885, kamati ya wageni iliyoongozwa na Meja Bulpett, kwa msaada wa aila ya Badrutt, ilijenga mfereji wa barafu kutoka mjini kushuka bondeni kuelekea Celerina, ukipita kitongoji cha Cresta ambacho jina lake ndilo lililobaki. Na mwaka 1887 kikaundwa chama cha kuusimamia. Mfereji huo hujengwa upya kila mwaka kwa theluji na maji, wala hautiwi mitambo ya kugandisha; urefu wake ni mita 1,212, na kimo kinachoshukwa ni mita 157. Hapo mwanzo watu waliuteremka wameketi kwa adabu, miguu mbele, mpaka mwaka 1887 Mwingereza mmoja aitwaye Cornish alipojilaza kifudifudi, kichwa mbele, akadhaniwa kachezea roho yake. Lakini haikupita miaka mingi ila wote walikuwa wakimfuata, na leo mteremkaji hodari hupita kilomita 120 kwa saa, kidevu chake kikiwa karibu kugusa barafu. Iko kona moja iitwayo Shuttlecock ambayo humtupa nje asiyepunguza mwendo, akaangukia majani makavu na theluji laini, na kila aliyetupwa hapo huhesabiwa kuwa mwanachama wa jamii maalumu yenye haki ya kuvaa tai yake.

Na hapa mchezo uliozaliwa na aila ulianza kuitenga nusu ya aila. Wanawake waliteremka Cresta miaka ya mwanzo pamoja na waume na kaka zao, lakini mwaka 1929 wakapigwa marufuku, kwa hoja zilizotajwa kuwa za kuwahurumia afya zao, na marufuku hiyo ikaendelea hadi mwaka 2018, wanachama walipopiga kura ya kuiondoa. Jambo hili huzidi kustaajabisha tukikumbuka kuwa sleji ndefu ya watu wengi, bobsleji, iliyobuniwa St. Moritz kwa kuunganisha sleji mbili kwa ubao mmoja, ilipopata chama chake mwaka 1897, kanuni zilitaka katika watu watano wa chombo kimoja wawili wawe wanawake. Njia yake ya barafu ilifunguliwa mwaka 1904, nayo hadi leo hujengwa kila kipupwe kwa mikono ya mafundi, bila mtambo wa baridi.

Wasiopenda mwendo wa kasi walikuwa na barafu tambarare. Waskoti walileta kalingi, ambao ni mchezo wa kutelezesha jiwe la mviringo lenye mpini, uzito wake karibu kilo 20, kuelekea shabaha, huku wenzi wa mtupaji wakikimbia mbele yake na kufagia barafu kwa bidii ambayo mtazamaji mgeni huidhania mzaha, nao ulichezwa St. Moritz tangu mwaka 1880. Kuteleza kwa viatu vya makali ya chuma kulikuwako Davos na mapema kukawa na mashindano makubwa, na mwaka 1923 Carl Spengler, mwana wa yule tabibu na yeye mwenyewe tabibu, alitoa kombe la mpira wa magongo wa barafuni ili vijana wa mataifa yaliyokuwa yamemalizana katika Vita Kuu wakutane kwa magongo badala ya bunduki. Kombe hilo hushindaniwa hadi leo baina ya Krismasi na Mwaka Mpya. Farasi nao hawakusahauliwa: tangu mwaka 1907 wamekuwa wakishindana juu ya ziwa la St. Moritz lililoganda, wengine wakiwa na wapanda farasi, wengine wakimvuta mtu aliyesimama juu ya skii ameshika hatamu.

Hiyo skii yenyewe ilifika lini? Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes, alimpeleka Davos mkewe aliyekuwa na kifua kikuu, na mwezi wa Machi 1894 alivuka mlima kwenda Arosa juu ya mbao za Kinorwe, akiongozwa na ndugu wawili wa ukoo wa Branger waliokwisha jaribu njia hiyo kabla yake. Aliporudi akaandika akitabiri kuwa siku moja mamia ya Waingereza watakuja Uswisi kwa ajili ya mbao hizo. Utabiri ulitimia polepole, maana kupanda kulichukua nusu siku na kushuka dakika chache. Michezo ya Olimpiki ya baridi ya Chamonix mwaka 1924, na ile ya St. Moritz mwaka 1928, ambayo joto la ghafula liliyeyusha barafu hata mbio za mita 10,000 zikavunjwa, haikuwa na skii ya mtelemko hata kidogo. Ilikuwa na barafu, bobsleji, na skii za kuruka na za masafa. Mtelemko uliingizwa mwaka 1936 huko Garmisch-Partenkirchen. Kilichoufanya utawale ni mtambo: mwaka 1934, katika kilima cha Bolgen pale pale Davos, mhandisi Ernst Constam alisimamisha kamba yenye fimbo za kuwavuta watu juu, na tangu hapo mtu mmoja aliweza kushuka mara ishirini kwa siku na kulipa kila mara.

Walio mbali na milima hiyo wamepata sehemu ya kile cha zamani kuliko kipya. Mwaka 2005 hoteli ya Panari, katika Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ilifungua kiwanja cha barafu ambacho baadaye kiliwalea wachezaji wa mpira wa magongo wa Kenya. Na mwaka huo huo Dubai ilijenga kilima cha theluji ndani ya jumba la maduka, na miguuni pake bustani ambamo watoto wa Kiarabu, wa Kihindi na wa Kiswahili waliohamia Ghuba na wazazi wao huteleza kwa sleji mchana wa joto.

Uswisi nayo haijaziacha sleji zake. Reli ya Albula ilipofunguliwa mwaka 1903, barabara ya zamani baina ya vijiji vya Preda na Bergün haikuwa na haja tena ya kusafishwa theluji wakati wa baridi, ikageuzwa njia ya sleji ya kilomita sita: aila hukodi chombo, hupanda treni, hushuka chini ya madaraja ya mawe, mdogo akiwa mbele na mkubwa nyuma akifunga breki kwa visigino, na treni ile ile huwarudisha juu. Grindelwald ina njia ndefu zaidi, ya kilomita 15, inayotoka mlima wa Faulhorn, ila sharti uupande kwa miguu kwanza. Huko Grindelwald pia fundi wa mbao Christian Bühlmann alisajili mwaka 1911 baiskeli ya mti isiyo na magurudumu, iitwayo Velogemel, ambayo tabibu na mchukuzi wa barua waliitumia kazini na watoto kwendea shule. Mashindano ya ubingwa wa dunia wa chombo hicho hufanywa kijijini hapo kila mwaka, wala hapana haja ya kuyapeleka kwingine, kwa kuwa chombo chenyewe karibu hakipatikani kwingine.