Nachingwea: ngome isiyo na mawe



Kule Wales, kando ya mto Conwy, kuna ngome ya mawe yenye minara minane. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alianza kuijenga mwaka 1283 ili kuwadhibiti watu wa Wales aliokuwa amewashinda. Leo ni gofu, na watu hukata tiketi kuliona.

Sisi watu wa Kusini nasi tuna gofu la Mwingereza, ila halina mawe.

Juzi nilitoka Ruangwa kwenda Nachingwea kikazi. Nikamwomba babu mmoja anionyeshe ilipopita reli. Akacheka. "Mjukuu wangu, umesimama juu yake." Chini ya miguu yangu palikuwa na tuta la udongo lililoota nyasi, basi.

Mwaka 1947 Uingereza, iliyoishiwa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mradi wa karanga nchini kwetu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walitaka kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Reli ikajengwa kutoka Mkwaya, kwenye hori la mto Lukuledi karibu na Lindi, hadi Nachingwea. Baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara.

Januari 1951 mradi ulifutwa. Pauni milioni 36 zilikwishapotea. Desemba 1961 tukapata uhuru. Mwaka uliofuata reli ikafungwa, na vyuma vikang'olewa.

Hadithi haikuishia hapo. Mashamba ya mradi yalipewa namba. Moja kati ya hayo, Farm 17, likaja kuwa kambi ya FRELIMO. Vijana wa Msumbiji walifunzwa vita pale chini ya Samora Machel. Mei 1975 Samora aliondoka Nachingwea, akavuka Ruvuma, akaenda kuongoza nchi huru. Shamba lililotengwa kumlisha Mwingereza likasaidia kumng'oa Mreno!

Tusifiche na upande wa pili. Mwaka huohuo, hapohapo Nachingwea, Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO, alilazimishwa kusoma hadharani ungamo la usaliti. Hakuwa huru tena hadi kufa.

Ngome ya Conwy ilijengwa kuwatisha watu wa Wales. Leo wao wenyewe ndio wanaoitunza, na wanawasimulia watoto wao ilijengwa kwa nini. Ya kwetu, fahari na aibu vyote viwili, inategemea kumbukumbu za babu kama yule. Siku akiondoka, tuta litabaki kuwa udongo tu.

Mimi nimemaliza chuo kikuu, na haya sikuyasikia darasani hata siku moja. Je, wewe uliyasikia? Kama una babu au bibi Kusini, muulize leo. Usingoje likizo.